Shavu la Kombo

Jumatatu nilibandika ubaoni picha ya nguo
iliyopondwa kwa ganda la mti, kule Samoa,
visiwa ambavyo kwenye ramani ya darasa letu
vimeliwa na mchwa pamoja na nusu ya Pasifiki.
Nikawaambia: huko mstari haukai bure.
Pembetatu hizi ni meno ya papa,
hizi ni nyayo za ndege aliyepita pwani,
na mtu akishapevuka huchorwa mwilini,
kiunoni hadi magotini, ili ukoo wake usomeke.

"Haramu!" akasema Asaa, mtoto wa imamu,
na darasa zima likaniangalia
kana kwamba nimeshika sindano.
"Sikusema tuchanje," nikajibu. "Nimesema tusome."
Hata hivyo nilichungulia dirishani, nisije nikasikiwa.

Kisha kazi: Chora wewe ni nani. Usiandike neno.
Shaame akanakili papa wa watu, jino kwa jino.
Siwazuri akachora ua la kanga ya mama yake,
akasahau sharti, akaandika na jina la kanga.
Chumu akachora mpira. "Mimi ni mpira," akasema,
na sikuwa na hoja ya kumpinga.

Jumanne Kombo alichelewa.
Alikuja mbio, shati limegeuka,
usingizi bado umemkalia kopeni,
na kwenye shavu la kushoto, toka jicho hadi kidevu,
mkeka.
Mkeka hasa! Kindu zikipanda, kindu zikishuka,
na mshono wa ukili katikati
kama barabara ya kuingilia Kengeja.

Walicheka mpaka darasa la jirani likanyamaza.
Nami, mwalimu mzima, nikapiga kelele:
"Leteni penseli! Haraka, unafutika!"

Wakamzunguka. Wakahesabu,
mbili juu, moja chini, mbili juu,
hesabu ambazo daftarini huwatoa machozi.
"Hapa karuka."
"Hakuruka, ndivyo mkono wake ulivyo."
"Mkono wa nani?"
Bitime, ambaye kwao husukwa ukili hata umeme ukikatika,
akasogeza uso mpaka pumzi zikagusana,
akasema kama asomaye jina kwenye bahasha:
"Mkeka wa Bi Mgeni huu. Yule wa nyuma ya tangi la maji.
Mbona umelala kwa Bi Mgeni?"

Penseli zikasimama.
Mimi nilijua. Mama yake kaondoka na boti ya Alhamisi,
Unguja, kutafuta kazi ya kufua mashuka ya hoteli.
Kombo hakuwa amemwambia mtu.
Akageuza uso, akatuonyesha shavu la kulia,
laini, halina hata alama.
"Huku sikulalia," akasema.
"Huku nimemwekea mama."

Asaa, yuleyule wa haramu,
akachukua karatasi nyingine. Akachora duara la shavu,
ndani hakuweka kitu, akakaa akilitazama,
kisha akalipigia mstari wa pili pembeni, mnene,
kama anayezungushia ua.

Kabla ya kengele ya mapumziko uso ulishakunjuka.
Kombo yuko nje, anacheza gololi, anadhulumu.
Mezani kwangu picha thelathini na mbili,
hakuna mbili zilizofanana,
na shavu lilikuwa moja.

Mie nalalia godoro la sponji, la mkopo, kutoka Chake.
Leo alfajiri nilijitazama kiooni:
uso mzima hauna la kusema.
Basi jioni nimepanda darini,
nimelishusha jamvi la karafuu la marehemu bibi,
nimelikung'uta. Limetoa vumbi, vikonyo viwili,
na harufu ya msimu ambao sikuwa nimezaliwa.
Nimelitandika sakafuni, nimezima taa.

Gumu. Mbavu zinalalamika.
Siziitikii.
Nimelala upande wa kushoto.